Mawe Mafupi ya Enoch Kearton

Katika bonde la Swale, kaskazini mwa Uingereza, Enoch Kearton hakuhitaji kujisifu. Wengine walimfanyia kazi hiyo. Mabanda ya mawe aliyojenga yalisimama konde kwa konde, ng'ombe chini, nyasi kavu juu. Ukuta wa huko ni kuta mbili zenye kokoto katikati, na kinachozishika pamoja ni mawe marefu yanayopenya upande hadi upande. Vichwa vyake huachwa vimechomoza nje, ili mwenye banda avihesabu, asipunjwe.

Banda la akina Alderson lilikuwa na vichwa thelathini na vitatu. Enoch peke yake alijua kwamba kumi na viwili vilikuwa vya uongo. Mwaka alipolijenga, mvua ilimkimbiza, mawe marefu yakachelewa machimboni, naye akapachika vipande vifupi, akijiambia kwamba atarudi kurekebisha. Hakurudi. Fundi mzima, aibu gani hiyo! Kisha binti yake Dinah akaolewa na Wilf Alderson, na kila asubuhi akawa anakamua chini ya ukuta uleule.

Novemba hii ukuta ulikuwa umetoa tumbo.

"Mwambie Dinah atoke humo," Enoch alimwambia mkwewe. "Na ng'ombe uwatoe."

"Kwa kitumbo hicho tu? Mbona mimi ninacho na sijaanguka, baba?" Wilf akacheka. "Marehemu mzee wangu alivihesabu vichwa vyote, vikatimia. Leo unaiogopa kazi yako mwenyewe?"

Ndani ya ukuta kokoto ilidondoka. Kisha nyingine. Enoch alizisikia, akataka kusema, sifa za miaka ishirini zikamzuia.

"Dinah! Toka nje, mwanangu! Sasa hivi!"

Dinah akatoka na ndoo ya maziwa. "Kuna nini tena, baba?"

Enoch hakumtazama. Alishika kichwa kimoja cha jiwe, akakitikisa, akakivuta kwa mkono mmoja. Kikatoka chote, kifupi kama mkate.

Wilf aliacha kucheka. Alikimbilia ndani kufungua ng'ombe, akiwapiga makofi matakoni, huku kokoto zikimwagika kwenye tundu lile.

Dinah alibaki akilitazama jiwe. Alikuwa mtoto wa fundi, hakuhitaji kuelezwa.

"Baba," alisema polepole, "nyumba yetu uliijenga mwaka gani?"

Enoch aliliweka jiwe chini. "Mwaka huohuo."

Dinah akaitupa ndoo, akakimbilia nyumbani, alikomwacha mwanawe mchanga amelala.