Bandeji Iliyorudi Vilevile

Wenzake walimwita Kiguu-na-Njia, kwa kuwa hakuna aliyepata kumwona ameketi. Hata chai aliinywa huku akizunguka. Nesi huyu alikuwa na namna yake ya kufunga bandeji: ncha aliisokota mara mbili, akaichomeka ndani upande wa kisigino, mtoto asiivute. Wenzake walimcheka, eti anafunga mguu kama gunia la mkaa.

Sasa, mama mmoja kijana alimrudisha mwanawe aliyeungua mguu kwa maji ya moto. Wiki kadhaa nyuma, Kiguu-na-Njia alikuwa amemfunga mtoto huyo na kusisitiza kidonda kisafishwe kila baada ya siku mbili. Mama akaeleza kwamba zahanati ya mtaani kwao walikuwa wakikisafisha bila kukosa. Nesi akauinua mguu. Harufu ilikuwa imeshamfikia. Kwenye kisigino, ncha ilikuwa pale pale, imesokotwa mara mbili.

Akatoka akisema anafuata pamba. Akafika stoo, akarudi bila pamba, akatoka tena. Kanuni aliijua: nesi akishuku mtoto hatunzwi, humwambia afisa ustawi wa jamii, naye ndiye achunguze. Lakini muuguzi mwenzake, mkubwa kwake, aliyemkuta stoo, alimwonya kwamba mama akishtuka atakimbia na mtoto, asionekane tena. Na kama akinyamaza? Mguu ule ungeoza. Akaipima korido mpaka mfagiaji akamwomba apumzishe sakafu.

Mwishowe akarudi, akavuta kigoda, akaketi.

"Mdogo wangu, hii bandeji niliifunga mimi. Haijafunguliwa."

Mama akainama. "Akilia, dada, mikono inaniisha nguvu. Kila siku nasema kesho."

"Namwita afisa ustawi. Nimeona uyasikie kwangu kwanza."

"Watanichukulia mwanangu?"

"Sijui, nisikudanganye. Ninachojua, mguu huu hausubiri."

Mama akamkumbatia mwanawe, akasimama, akautazama mlango. Nesi hakumzuia. Mama akasimama vile kwa muda. Kisha akaketi.

"Basi tufungue kabla hajaja. Nitamshika mimi."

Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama naye alilia, lakini goti la mwanawe hakuliachia.

Afisa alipofika, nesi alimweleza yote: bandeji, harufu, na ule uongo wa zahanati. Akaongeza kwamba mama ndiye aliyeshika goti, akataka hilo nalo liandikwe. Kisha akainuka, maana miguu ilikuwa imeshaanza kumwasha.