Ndoo ya Baba Mkubwa

Miaka ile bia za chupa zilianza kujaa madukani, mpaka za kutoka nje, nami nikapata kibarua cha kupita nyumba kwa nyumba kijijini kwetu Mkonze kuuliza watu wanakunywa pombe kiasi gani, ili zahanati ijue nani yuko hatarini. Swali nililopewa lilikuwa hili: kwa siku unakunywa chupa ngapi?

"Hata moja," walinijibu karibu wote, na hawakudanganya. Kilabuni kwetu pombe ya mtama ilizunguka kwa kata moja ya kibuyu, mkono kwa mkono, na kata ya wote hakuna anayeihesabu. Nilitamani kumpata aliyetunga swali lile nimpe vidonge vyake.

Aliyeniuma zaidi ni baba mkubwa, kaka yake baba. Msimu wa mvua alikwenda kuziba paa la udongo la tembe yake akiwa amelewa, akaanguka na kuvunjika mkono, na daktari akamwonya kwamba ini limeanza kuchoka. Mama mkubwa akawa anaishi roho juu.

"Mwanangu, mpime na huyu," aliniomba. "Mimi nikimuuliza, anasema ameonja tu."

Jumamosi mchana nikatinga kilabuni na ndoo ndogo tupu, dumu la maji na kata ya pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuoga?"

Nikamweleza: kila akishusha kata, nami namimina ndooni maji kiasi kile kile alichokunywa. Wazee walishangilia kama wako ngomani. Baba mkubwa naye kichwa kikavimba, akawa anakunywa huku akinikemea nisimpunje.

Mama mkubwa alipokuja kumfuata, ndoo ilikuwa inamwagika.

"Maji ya nani haya?"

"Ya mumeo!" wakajibu, hoi kwa kicheko.

Baba mkubwa aliinama, akachungulia ndoo, akajishika tumbo. Yeye hakucheka.

"Yote haya yameingia humu?"

Kata ikamfikia tena. Mama mkubwa akaidaka, akaigida mpaka chini, akafuta mdomo kwa khanga.

"Zamu zake zilizobaki ni zangu. Leteni nyingine."

Kazi yangu ikaharibika hapo hapo, maana sikujua tena nampima nani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Baba mkubwa aliinuka, akamshika mkewe mkono mbele ya wenzake wote, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Twende nyumbani, mama," alisema, "njia bado naiona."