Unda na Unga

Wateja wa studio humwita Mama Diski, ingawa kazi aliyoajiriwa kufanya ilikuwa kukata picha za pasipoti. Kompyuta alijifunza mwenyewe baada ya kufiwa na mumewe, aliyekuwa mpiga picha wa hapo. Sasa huitunza kompyuta ya studio kwa niaba ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mwenye studio.

Picha zote zimo katika diski mbili. Programu imeziunganisha diski hizo kuwa kundi moja: kila picha huandikwa kwenye zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mama Diski anajua kwamba hilo halitoshi, kwamba nakala inapaswa kuwekwa mahali pengine pia. Kila mwaka husema ataitengeneza. Humo ndimo zilimo picha pekee za mumewe, maana mpiga picha ni nadra kupigwa picha.

Maelekezo ameyaandika katika daftari la shule. Ukurasa wa kwanza una maneno yake mwenyewe, na mbele ya kila neno ipo amri ya kuchapa. "Unda" ni kutengeneza kundi jipya kwa diski tupu. "Unga" ni kuziunganisha tena diski za zamani pamoja na vilivyomo. Mwandiko wake ni wa haraka, na mkia wa g mara nyingi huurusha juu, ikafanana na d.

Wiki aliyofanyiwa upasuaji wa jicho, kompyuta ilikufa, diski zikapona. Shemeji alinunua kompyuta nyingine, akazihamishia diski humo, akamkalisha Mama Diski pembeni. Jicho moja lilifungwa bandeji. La pili, bila miwani, liliona skrini kama dirisha lenye ukungu. Shemeji alisema asihangaike, kusoma anajua. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa diski za zamani, akasoma kimyakimya, akatafuta amri ya neno hilo kwenye ukurasa wa kwanza, akachapa. 

"Inaniuliza kama niendelee," alisema.

"Uendelee na nini?"

Alijibu kwamba inasema diski hizi tayari zina kundi. Kidole kilikuwa juu ya herufi ya kukubali.

"Shemeji, toa mkono hapo. Umesoma neno gani?"

"Unda."

"Ni unga."

"Unga si uko jikoni, shemeji?"

Mama Diski hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba angekubali, mashine ingeweka kundi jipya juu ya lile la zamani na picha zisingeonekana. Kisha yeye shemeji, kwa kudhani diski ni tupu, angetengeneza mfumo mpya wa faili, yaani mpangilio mtupu wa kuhifadhia, juu yake, na hapo pasingebaki cha kutafuta. Shemeji aliuliza kwa sauti ya chini kama ameshaharibu. Hapana, Mama Diski alisema, bado inasubiri jibu. Ajibu hapana.

Alijibu hapana. Alichapa amri ya kuunga, akiitaja herufi moja moja kwa sauti, halafu ile ya kupachika mfumo wa faili ili vilivyomo vifunguke. Folda zikatokea. Mama Diski alimwomba afungue ya marehemu.

"Yupo?"

"Yupo. Kaegemea mlango, kola imepinda upande mmoja. Anamkaripia mtu."

"Ananikaripia mimi. Nilikuwa nimeshika kamera vibaya. Na inayofuata?"

Shemeji alivuta kiti karibu, akaendelea kumsimulia picha moja baada ya nyingine. Mteja wa kwanza alipoingia aliambiwa asubiri kidogo.