Vikinga Masikio vya Mama

Harufu ya sifongo jipya, ile inayotoka unapofungua boksi la redio, hunirudisha moja kwa moja nyumbani kwetu Karagwe, kwa mama yangu aliyekuwa askari na mlenga shabaha wa timu ya kikosi chao.

Nilikuwa bado shule ya msingi, na mama alikuwa ameanza kupoteza usikivu. Nilimwamkia shikamoo asiitike. Maziwa yalichemka yakafurika hadi yakazima moto, naye ameketi papo hapo. Alisema sikio la kushoto lilikuwa likimlilia kama nyenje mchana kutwa. Daktari hakumung'unya maneno: alinde kilichobaki, au aache bunduki. Kumwambia mama aache bunduki kulikuwa kama kumwambia Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, aache ndizi.

Baba, Mhaya wa Muleba aliyekuwa mnunuzi wa kahawa, akamletea jozi mbili za vikinga masikio kutoka Mwanza, bado zikinukia sifongo, ajaribu, achague moja, nyingine irudi dukani. Moja ilikuwa nene na nzito, inaziba kila kitu. Nyingine ilikuwa ya betri, yenye vinasa sauti vidogo kwa nje. Maneno ya kawaida yalipita, hata yakaongezwa nguvu, lakini mlio mkubwa ukitokea vilijifunga hapo hapo.

Tulizijaribia migombani. Mama aliketi kwenye kigoda, ametupa mgongo. Baba akatwanga debe kwa mchi, nami nikanong'ona nyuma ya mgomba. Akiwa na zile nene, debe alilisikia kwa mbali, mimi hakunisikia kabisa. Alipovaa za betri, nikanong'ona, "Mama anakoroma."

"Nimekusikia! Na leo maziwa utayaona kwa macho tu."

Baba alicheka hadi mchi ukamponyoka. Kisha mama akachukua fimbo, akailaza shavuni kama kitako cha bunduki. Zile nene ziligonga fimbo, zikainuka na kuacha mwanya. Za betri zilikuwa nyembamba, zikatulia.

"Hizi," akasema.

Kiongozi wa timu, ambaye wote tulimwita Afande, hakuzipenda, akamwambia mama: "Betri ikikata katikati ya mashindano, je? Masikio ya mlenga shabaha ni ya kuzibwa, Koku. Si ya kusikilizia umbeya."

Mashindano yalifanyika upande wa Chonyonyo, kwenye uwanja wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha na nyasi ndefu pembeni. Asubuhi milio ilipasuka hadi nikaihisi kifuani, ingawa baba alikuwa amenizibia masikio. Mama alikuwa akiongoza. Baada ya mapumziko marefu ya chakula walirudi kwenye mstari, wakalala kifudifudi, vidole vikasogea kwenye vifyatulio. Watazamaji tukanyamaza.

Mara mama akainua mkono juu.

"Acha!" alipaza sauti. "Kuna mtu!"

Afande akaja mbio. "Wapi?"

"Sijui. Nasikia mtu anaimba."

Wenzake wakachomoa vizibo vyao, wakasikiliza. Upepo tu. Mmoja akacheka, "Betri zinamwimbia." Wengine wakamfuata kucheka. Mwamuzi akatazama saa, akasema asiyekuwa tayari atoke kwenye mstari, wengine waendelee. Nilimshika baba mkono.

Mama aliichomoa risasi bundukini, akaiweka bunduki chini, akasimama. Hakutoka. "Afande," alisema, na sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia hivyo, "mimi niandikie nimeshindwa. Lakini asipige mtu yeyote hadi mtazame zile nyasi."

Afande akaamuru bunduki zote ziwekwe chini, akatuma askari wawili.

Hawakuwa wamefika mbali nyasi zilipotikisika karibu kabisa na shabaha. Akatokea bibi kizee, mundu mkononi, amejitwisha mzigo wa nyasi za kutandaza shambani. Alikuwa bado akiimba wimbo wa kanisani, taratibu, kama mtu aliye jikoni kwake. Alipotuona akasimama.

"Kumbe bado mpo?" aliuliza. "Niliona kimya, nikadhani mmekwenda."

Hakuna aliyecheka. Yule wa betri zinazoimba alikaa chini palepale, kichwa mikononi. Afande akampokea bibi mzigo, akaubeba mwenyewe hadi barabarani.

Waliporudia, mama alilenga ovyo. Kombe likaenda kwa mwingine.

Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki nikikisifu kile kifaa. Juzi tu, tukiwa wawili, nilimuuliza mama kama siku ile alikuwa na hakika.

"Hata kidogo," alinijibu. "Vile vitu vilikuwa vinanasa hadi upepo. Nilijua huenda ni upepo, na huenda nitachekwa hadi nistaafu."

Utotoni nilidhani mama alisikia, basi akasimama, jambo jepesi kabisa. Sikujua kwamba alisimama mbele ya watu wote akiwa na shaka, akakubali kuwa kichekesho, kwa ajili ya mtu ambaye pengine hakuwepo.