Inzi Wakubwa, Vyura Wadogo

Asubuhi hiyo ya Machi Wietske alivaa sweta nje ndani, na hakujua mpaka Haye, mumewe, alipomwambia garini. Moyo utatulia vipi, na leo anakwenda kuchukua vyura wake wa kwanza wa kufuga? Majira yote ya baridi, akitoka kazini kwake, kufungua daraja mashua zipite, alipanda mimea ndani ya tangi la kioo na kufuga inzi wadogo wasio na mbawa, ndio chakula chao. Haye alishawakuta inzi hao kwenye kahawa yake.

"Nataka wekundu," alisema Wietske. "Wale wadogo kama kucha, miguu ya buluu. Nimeshaamua."

"Na wakifa utalia mpaka Krismasi. Mimi nitahamia wapi?"

Vyura hao walizalishwa na mzee Tjerk, bandani nyuma ya nyumba yake. Kwa anayeanza, Tjerk hauzi kabla hajaona chakula alichofuga, na akikataa amekataa, uje mwakani. Wietske alimpa mtungi wa inzi.

Mzee akadondosha inzi wachache kwenye sanduku la wekundu, vyura wachanga ambao mikia ndiyo kwanza imepotea. Mmoja akasogea. Inzi akampanda kichwani, chura akarudi nyuma, akajificha chini ya jani.

"Mbona hawali?"

"Wana vinywa vidogo, mama. Hawa wanataka vile vijidudu vya kwenye majani yaliyooza, vidogo kama vumbi. Unavyo?"

Hana. Kajaza nyumba inzi miezi yote ile, na hakuna hata mmoja anayeingia kinywani mwa chura anayemtaka. Watu wa vyura hufuga chakula kabla ya mnyama, naye kafuga cha mnyama mwingine. Uso ukamshuka.

"Basi narudi mikono mitupu, mzee Tjerk?"

"Nani kasema? Inzi wako wamenona. Umempikia tu mgeni asiyekuja."

Akavuta sanduku jingine: vyura weusi, mistari mipana ya manjano. Inzi hawajatua vizuri, ndimi zimeshachomoka. Mmoja alimkanyaga mwenzake mgongoni ili awahi. Wietske akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Walafi hawa. Kama Haye harusini."

"Na hawana aibu, utawaona kutwa."

Wietske akawatupia wekundu jicho, likamuuma kidogo. Kisha akasema, "Nipe hawa watatu."

Haye alikuwa amewasha hita mpaka mwisho, gari linafuka kama tanuri. "Nimewapashia joto," alisema kwa majivuno.

"Unataka kuwapika? Joto ndilo linalowaua hawa."

Haye akazima hita, akashusha dirisha kidogo, akaendesha kwa mwendo wa kinyonga huku meno yakimgongana. Kila lori lililowapita lilimpigia honi.

"Piga tu," alijibu Haye kila mara. "Nina watoto humu."