Ufito Uliopungua Mkono Mmoja

Mkwe wangu anachimba chini ya nyumba za watu. Jina la Fuko alipewa kazini. Mimi nililipokea kwa mikono miwili. Matajiri wakichoka kujenga kwenda juu wanamwita awashushie nyumba ardhini: ghorofa moja ya magari, ya pili ya bwawa la kuogelea, ya tatu ya mashine za kuwasukumia hewa hao walio juu yake. Ni mfupi, na ufupi wake umemlisha. Akitakiwa mtu wa kuingia chini ya msingi na kupima bila kukunja shingo, anatafutwa yeye.

Nyumbani kwake mwenyewe kuna vyumba viwili na jiko. Kimoja ni cha wajukuu zangu watatu. Cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabara, nilikichukua mimi nilipohamia, miaka minne iliyopita. Sikukiomba. Niliweka kitanda chini ya dirisha, nikakaa. Pale najua nani kachelewa kazini, nani kagombana na mumewe na nani anajifanya hajagombana. Muuza maji husimama kunisalimia, fundi viatu huniletea habari za mtaa wa pili. Ukininyima dirisha lile umenizika mzima.

Kwa hiyo Fuko alipotangaza kwamba sasa atachimba kwake, nilishtuka. Majirani wametubana kulia na kushoto, na kuta zetu hazibebi hata kunguru, sembuse ghorofa. Njia iliyobaki ilikuwa chini. Alichora mpango kwenye ubavu wa boksi la sabuni: ghorofa ya kwanza chumba cha kulala, ya pili sebule ya watoto, na ya chini kabisa ameandika "vitu vya zamani".

"Vitu gani hivyo vya zamani?" nikamwuliza binti yangu.

"Masufuria mabovu, Mama, na ile baiskeli."

"Mimi ni wa zamani kuliko hiyo baiskeli."

"Mama wewe nawe!" akasema, akacheka. Hakusema hapana, nami nikaliweka moyoni.

Fuko mwenyewe ananiheshimu kupita kiasi. Akiwa na jambo nami hulipitisha kwa mkewe, na likinifikia limeshapunguzwa chumvi. Sikuuliza chumba cha kulala ni cha nani. Nilishaamua kwamba nashushwa.

Kazi anaijua, hilo silikatai. Unachimba kipande chini ya msingi, unamwaga zege, unaruka vipande viwili, unachimba cha nne. Ukichimba viwili vilivyopakana, nyumba inakuja kukusalimia. Mwaka mzima, kila Jumamosi na Jumapili, udongo ulitolewa kwa ndoo kupitia dirishani kwangu, ukateleza kwenye bati hadi kwenye mkokoteni. Nililalamikia kila ndoo. Niliwaambia wapita njia kwamba anatafuta dhahabu, wakajaa mlangoni siku mbili, naye akawapa maji ya kunywa. Nilimfichia pima maji ya kusawazishia sakafu chini ya godoro, akaazima nyingine. Mtu huyo hakasiriki, na hilo ndilo lililonikasirisha.

Sasa, mafundi hawa wana mtindo wao. Futi ya chuma ikijaa tope hugoma, kwa hiyo wanakata ufito mmoja wenye kimo kamili cha chumba, kutoka dari hadi sakafu, na kila mtu anapima kwa huo. Ufito ukisema, hakuna anayebisha. Fuko aliuegemeza ukutani, karibu na kitanda changu. Jamani, angeuweka kwingine.

Siku ya kumwaga sakafu ya ghorofa ya kwanza, ile ya chumba cha kulala, akaitwa kazini ghafla, akawaachia wenzake wawili. Walipokuwa nje wanachanganya zege, nilichukua msumeno wao nikaupunguza ufito kwa urefu wa mkono wangu, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole. Hesabu yangu ilikuwa safi: chumba kikiwa kifupi, hakuna atakayekubali mtu alale humo, nami nabaki na dirisha langu. Mabwana wale walishuka na ufito, wakaona shimo limezidi kina, wakalijaza mawe mpaka ufito ukatosha, wakamwaga zege juu yake. Walisifiana sana.

Jioni binti yangu, aliyerithi urefu wa marehemu babake, akashuka kukiona chumba. Tukasikia kichwa kikigonga boriti, halafu tusi ambalo sikumfundisha mimi.

Fuko alipofika aliuchukua ufito, akatazama ncha moja, kisha ncha ya pili.

"Bosi, sisi tumefuata ufito," mmoja wa wenzake akasema.

Fuko akauegemeza ukutani. "Kosa ni langu," akawaambia. "Niliukata vibaya."

Nikasema moyoni, mjinga kajifunga goli mwenyewe.

Furaha hiyo haikumaliza siku mbili. Familia nzima ilishuka kukikagua chumba, watu wanatembea wameinama kana kwamba wameangusha sindano. Mimi nikateremka kwenda kukejeli tu. Nikasimama katikati, wima, na dari iko mbali na kichwa changu. Uzee umenipunguza bila kuniaga. Binti yangu, mkono ungali kwenye nundu yake, akanitazama. Wajukuu nao wakanitazama.

"Mama," akasema, "mbona hapa unaenea vizuri?"

"Magoti," nikajibu haraka. "Magoti yangu hayapatani na ngazi."

"Si umeshuka sasa hivi mbio?"

Fuko akasema kutoka kwenye ngazi, macho yake chini, "Mama haondoki dirishani. Nitaivunja sakafu nianze upya."

Wiki iliyofuata nilimwona kutoka dirishani akirudi kutoka kazini, viganja vimefungwa vitambaa. Nikamwuliza binti yangu kulikoni.

"Wamemtoa kwenye kupima," akasema. "Wenzake wamesimulia, msimamizi kasema asiyeweza kupima chumba chake hawezi kupima cha watu. Sasa anasukuma toroli. Baada ya miaka kumi na tisa, Mama!" Akageuka nisimwone uso.

Aibu ilinishika hadi kwenye masikio. Nikaenda jikoni kumtafuta mkwe wangu. Nyuma ya mlango lilikuwa limesimamishwa godoro wanalotandika usiku yeye na binti yangu, upande mmoja limeoza kwa unyevu wa sakafu. Godoro lile nimepishana nalo kila siku kwa miaka minne. Siku hiyo ndipo nilipolitazama.

"Kile chumba cha kulala cha chini kilikuwa cha nani?" nikamwuliza.

"Chetu, Mama. Mimi na mwanao."

"Ufito niliukata mimi."

"Najua," akasema, akihangaika na vitambaa vyake. "Unga wa mbao ulikuwa kwenye shuka lako."

"Na ukakubali wakucheke? Ukakubali toroli?"

"Ningekutaja, mwanao angekutazama vipi? Toroli nitaizoea."

Nilimpenda ghafla, nikakasirika kwamba nimechelewa miaka yote hiyo. Nikajifuta macho, nikamwamuru anifuate chumbani kwangu.

"Kesho unanipeleka kwa huyo msimamizi wako," nikasema, "nimweleze kwa mdomo wangu mwenyewe. Na mwanangu nitamwambia leo, anitazame atakavyo. Hapa dirishani mtalala nyinyi. Kitanda changu kinashuka sasa hivi."

"Mama, hapana, haiwezekani. Nitavunja sakafu..."

"Utavunja nini, na viganja hivyo? Acha maneno, mwanangu. Shika upande wa miguuni."