Pepopunda na Binamu Yangu Ochola

Ndugu zangu, mimi mnayeniona nimesimama hapa nilishaombolezwa nikiwa hai.

Miaka ya themanini nilikuwa nikivuta nyavu pale Usenge, mikono minene, kiburi kinene zaidi. Siku moja msumari wenye kutu wa mtumbwi ukanidunga unyayoni, nikataka kwenda zahanati kuchomwa sindano. Binamu yangu Ochola, mtu ambaye hajawahi kuvuta hata kamba ya mbuzi, akacheka: "Mwanaume mzima, sindano ya nini?" Nikamsikiliza. Ukimfuata mjinga, mnakuwa wawili.

Baada ya siku chache taya likakaza, uji ukakosa njia. Shingo ikafuata. Kisha mgongo ukajipinda, nikabaki nimelalia kisogo na visigino tu. Ulimi niliuuma hadi damu.

Tulipofika hospitali Kisumu, daktari akamwambia mke wangu Akinyi: "Mama, hii ni pepopunda. Misuli anayoiamuru mwenyewe, ya taya, mgongo na mikono, imetekwa. Ile laini ya tumbo na ule wa moyo haingoji amri yake, inajiendea tu. Shida ni pumzi. Misuli ya kifua iko katika kundi la ile iliyotekwa. Kelele ikiishtua, anaweza kuacha kupumua."

Nikawekwa chumba cha giza, kimya.

Ochola akaja na jamaa zake. Mlangoni tu, wakapiga nduru. Kifua kikakaza, pumzi ikakatika. Iliporudi, nikamsikia Ochola: "Akinyi, usijali. Hii mtumbwi na wewe mwenyewe, mimi ndio nitachunga. Ile ng'ombe nyeusi tutachinja ya matanga."

Pepopunda haizibi masikio. Nilimdharau kwa moyo wote, maana ndio msuli uliokuwa bado wangu.

Akinyi hakulia. Alimkamata kola. "Toka, Ochola! Enda ulilie kwenu!" Tangu hapo akaketi mlangoni, na wageni wakavua viatu.

Taya lilipolegea, daktari alidhani nitaomba maji. Nikasema, "Ng'ombe?"

"Yuko," Akinyi akajibu. "Hajachinjwa."

Namshukuru Mungu, daktari, na huyu mwanamke. Ukidungwa na kitu kichafu, kimbilia sindano siku hiyo hiyo. Ukienda kumwona mgonjwa, funga mdomo.

Yule ng'ombe tulimchinja kwa shukrani. Ochola alikuja, akala kuliko wote. Misuli ya taya lake haijawahi kuugua hata siku moja.